Krimu au kijani cha chupa: jinsi ya kupima rangi mbili zinazopingana kabla ya kupaka sebule

Nyumba ikifika hatua ya rangi, ugomvi huwa ni uleule kuanzia Mamboleo, Kisumu, hadi Lanet, Nakuru. Mmoja anataka sebule ipakwe krimu ili ionekane kubwa na safi. Mwingine amechoshwa na krimu ya kila nyumba ya kupanga aliyowahi kuishi, na sasa nyumba ni yake, anataka ukuta wenye msimamo: kijani cha chupa, buluu ya usiku, au damu ya mzee. Kila mmoja ameshika kadi ya rangi aliyopewa dukani, fundi naye anangoja mlangoni na rola yake, akihesabu siku.

Msimamo wangu niuseme mapema. Rangi mbili zilizo mbali hivyo hazilinganishwi kwa kadi, wala mbele ya kaunta ya hadiwea, wala kwa picha ya simu. Hulinganishwa ndani ya chumba chenyewe, saa ambayo watu wanakaa humo. Ukifanya hivyo kwa utulivu, mara nyingi utakuta zote mbili zinapata kazi, moja kuta tatu na nyingine ukuta mmoja, na ugomvi unakwisha bila mshindi.

Mfano nitakaoutumia ni krimu na kijani cha chupa, lakini njia ni ileile kwa jozi nyingine yoyote.

Hatua ya kwanza: jua jua linaingilia wapi

Ushauri mwingi wa rangi mtandaoni husema chumba kinachotazama kaskazini kina mwanga baridi, hivyo kipewe rangi ya joto. Ushauri huo ni wa Uingereza na Marekani, ambako jua la mchana hukaa upande wa kusini mwaka mzima. Sisi ikweta iko mlangoni. Ukitoka Kisumu kwenda Busia unaivuka pale Maseno. Ukitoka Nakuru kwenda Baringo unaivuka Mogotio. Jua letu la adhuhuri hupita karibu na utosi, kidogo upande wa kaskazini kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba, na upande wa kusini miezi iliyobaki. Kwa hiyo usihangaike na kaskazini na kusini. Kwetu neno ni mashariki na magharibi.

Dirisha la mashariki huleta mwanga mkali asubuhi, kisha kuanzia saa sita chumba kinabaki na kivuli kilichotulia. Dirisha la magharibi hukaa kimya asubuhi, halafu kuanzia saa kumi jioni linamwaga mwanga wa dhahabu hadi jua litue. Mwanga huo wa jioni ndio unaoharibu maamuzi ya dukani. Krimu inageuka njano, tena njano ya kukera ikiwa ilikuwa na unjano tangu mwanzo. Kijani cha chupa kinaelekea rangi ya majani makavu. Buluu yenye kijivu ndani yake inapoteza ubuluu, inabaki kijivu tupu.

Tazama pia nje ya dirisha, maana mwanga haufiki ukutani peke yake, unakuja umebeba rangi ya kitu cha mwisho ulichogonga. Ua wa udongo mwekundu, kama ulivyo Kisii na sehemu nyingi za Kakamega, hurusha wekundu hadi darini. Ua wa majani na mwembe dirishani huleta ukijani. Ukuta wa jirani uliopakwa chungwa mita tatu kutoka dirisha lako, huo utakuwa sehemu ya rangi ya sebule yako upende usipende.

Sakafu nayo ni hivyohivyo. Sementi nyekundu iliyong'arishwa hupaka uwaridi sehemu ya chini ya ukuta wa krimu. Vigae vyeupe hurudisha mwanga juu na kufanya rangi nzito ionekane nyepesi kidogo kuliko ilivyo.

Hatua ya pili: soma rangi iliyojificha

Krimu si moja. Moja ina njano chini yake, nyingine ina waridi, nyingine kijivu, nyingine ukijani mdogo ambao huuoni mpaka fundi amemaliza ukuta wa pili. Weka kadi ya krimu juu ya karatasi nyeupe kabisa, ile ya kuchapia, karibu na dirisha, na kando yake weka krimu nyingine mbili tatu. Zikiwa pamoja, kila moja inataja asili yake. Fanya vivyo hivyo kwa kijani: kuna kinachoelekea buluu, kuna kinachoelekea njano, na kuna kinachoelekea nyeusi.

Hapa kuna mtego. Mwanakemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alisimamia idara ya kutia nyuzi rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris, na watu wakawa wanalalamika kwamba nyuzi nyeusi za kiwanda hazikuwa nyeusi ya kutosha. Alipozichunguza, rangi ilikuwa sawa. Kilichozififisha ni rangi nyingine zilizofumwa kando yake. Mwaka 1839 alichapisha maelezo ya jambo hilo kwa kirefu: rangi mbili zikikaa ubavu kwa ubavu, jicho huikuza tofauti iliyo kati yake. Nyepesi inazidi kuwa nyepesi, nzito inazidi uzito, na kila moja inachukua dalili ya rangi iliyo kinyume cha jirani yake.

Ndiyo sababu krimu ukiishika kando ya kijani cha chupa itang'aa na kuonekana ina uwaridi ambao haumo ndani ya kopo. Ukiipenda hapo, umependa ujirani. Basi kanuni ni hii: kila rangi itazame kwanza peke yake, nyingine ikiwa nje ya chumba, ndipo uzilete pamoja. Na ukija kuamua kwamba utatumia moja tu, usiamue kwa kuitazama ikiwa na mwenzake.

Hatua ya tatu: uliza namba ya mwanga

Kampuni nyingi za rangi huzipa rangi zao namba iitwayo LRV, kati ya 0 na 100, inayoonyesha ni kiasi gani cha mwanga ukuta unarudisha chumbani. Nyeusi iko karibu na sifuri. Krimu nyingi ziko kati ya 70 na 85. Kijani cha chupa mara nyingi kiko chini ya 10. Namba hiyo huwa nyuma ya kadi au kwenye kitabu cha mauzo. Mwenye duka asipoijua, itafute kwenye tovuti ya kampuni kwa kutumia kodi ya rangi, yaani namba yake ya utambulisho.

Maana yake nyumbani ni rahisi. Sebule iliyopakwa kijani cha chupa kuta zote nne itadai taa zaidi, na itadai hata mchana mvua ikifunga. Chumba chenye dirisha moja dogo chini ya varanda pana, kama zilivyo nyumba nyingi za mashambani Vihiga na Siaya, hakina mwanga wa kugawa. Rangi ya chini ya 10 kwenye kuta zote nne za chumba hicho mimi siishauri, hata mwenye nyumba aipende vipi. Ukuta mmoja, sawa.

Jambo moja la kuondoa kichwani: watu wa Kisumu huniambia buluu au kijani itapunguza joto. Macho yatapumzika kweli, lakini joto la sebule linatoka kwenye mabati na madirisha. Ukitaka ubaridi, weka dari na upenyo wa hewa, kisha rudi kwenye rangi.

Hatua ya nne: tengeneza ubao, na tengeneza katoni

Usipake viraka vidogo vya mraba moja kwa moja kwenye ukuta wa zamani. Kama ukuta sasa ni waridi au njano, kila kiraka kitasomwa kupitia rangi hiyo, na tumeshaona jicho linavyofanya.

Nunua kopo dogo kabisa ambalo duka linakubali kukuchanganyia, mara nyingi ni lita moja, la kila rangi. Utalipa kidogo, na hasara yake haifikii hata nusu ya kupaka upya. Tafuta vipande viwili vya jipsamu, plaiwudi au manila ngumu, kila kimoja angalau futi mbili kwa mbili. Piga undakoti nyeupe kwanza, kisha koti mbili za rangi yenyewe, na paka mpaka ukingoni, usiache mpaka mweupe. Acha vikauke hadi kesho yake. Rangi nyingi za maji huwa nyepesi zikiwa mbichi na huongezeka uzito zikikauka, kwa hiyo hukumu ya leo jioni haina thamani.

Mbao hizo zitakusaidia kujua rangi, lakini hazikuambii chumba kizima kitakuwaje. Kuta nne za rangi moja zinarushiana mwanga, na kila mrusho unaongeza rangi. Hii ndiyo sababu ya kilio cha kawaida cha "mbona imekuwa kali kuliko kadi?" Dawa yake ni katoni. Nenda kwa duka la jumla uombe katoni mbili kubwa, za mafuta ya kupikia au za sabuni, zote za ukubwa mmoja. Moja ipake krimu ndani, pande zote nne, juu upake nyeupe kama dari. Nyingine ipake kijani. Toboa dirisha upande mmoja na tundu la kuchungulia upande wa pili, elekeza dirisha la katoni kwenye dirisha la sebule, kisha chungulia. Watoto watakucheka, nao watakuwa wa kwanza kupanga foleni. Lakini hapo ndipo utaona krimu ya njano ikigeuka ute wa yai, au kijani ulichokiogopa kikiwa kimetulia kabisa.

Ukiwa na nguvu ya katoni ya tatu, paka pande tatu krimu na moja kijani. Hiyo ndiyo huwa inamaliza mabishano.

Hatua ya tano: zitazame kwa saa zake

Simamisha ubao wima ukutani, usiulaze mezani. Mwanga wa dirisha huangukia ukuta na meza kwa njia tofauti. Uweke kwanza ukuta unaotazamana na dirisha, kisha ukuta wenye dirisha lenyewe, ambao ndio wa giza zaidi chumbani na ndio watu husahau. Tazama saa mbili asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na moja jioni, na saa mbili usiku taa zikiwaka. Kama unaweza, pata siku ya jua na siku ya mawingu mazito.

Saa mbili usiku nataka tukae hapo kidogo, kwa sababu familia nyingi zinaijua sebule yao usiku. Mchana watu wako kazini, shuleni, dukani. Kwenye pakiti ya balbu utaona namba inayoishia na herufi K. Balbu za 2700 hadi 3000 hutoa mwanga wa manjano wa kutuliza. 6500, ambazo zimejaa madukani kwetu, hutoa mweupe wenye ubuluu. Chini ya balbu ya 6500, krimu yenye kijivu hugeuka baridi na kupauka, na chumba kinaanza kufanana na korido ya zahanati. Chini ya balbu ya 2700, krimu hiyohiyo inapata joto, na kijani cha chupa kinakuwa kizito kama usiku. Rangi mbili zinaweza hata kuonekana zimeendana chini ya balbu moja na kuachana chini ya nyingine. Kwa hiyo amua balbu kabla ya rangi, au nunua balbu moja ya kila aina uzibadilishe mbele ya ubao. Balbu ni ya bei nafuu kuliko galoni.

Halafu zima taa kabisa, washa ile ya sola ndogo au mshumaa. Stima hupotea, tuwe wakweli. Katika mwanga hafifu jicho hupoteza wekundu kwanza, na buluu na kijani hubaki kuonekana kwa muda zaidi. Mwenye kuchagua damu ya mzee ajue kwamba stima ikipotea ukuta wake utakuwa mweusi.

Nakuru kuna la ziada. Mji uko juu, karibu mita 1,850, wakati Kisumu iko takriban mita 1,130, na jioni za Julai huko watu hukaa ndani na masweta. Sebule yenye buluu ya kijivu na balbu ya 6500 katika baridi hiyo inakaribisha wageni kuondoka mapema. Krimu yenye njano, ambayo Kisumu saa kumi na moja jioni ingekera, Nakuru inaweza kuwa ndiyo hasa.

Kama anayelipia yuko mbali, Nairobi au Doha, na anataka kuona kwa WhatsApp, weka mbao zote mbili katika picha moja na karatasi nyeupe katikati, mchana, bila taa. Simu hurekebisha rangi yenyewe kila unapopiga, kwa hiyo picha mbili tofauti hazilinganishiki. Mwambie pia kwamba anaona tofauti kati ya rangi mbili, haoni rangi zenyewe.

Hatua ya sita: leta vitu visivyoondoka

Kochi, pazia, zulia, kabati la televisheni, vitambaa vya kochi vilivyofumwa na mama mkwe. Ukuta unabadilishwa kwa wikendi moja. Kochi la kahawia la viti saba litakaa miaka kumi. Simamisha ubao nyuma ya kochi. Kahawia na kijani cha chupa huelewana sana. Kochi la damu ya mzee mbele ya kijani hicho litapiga kelele, na hapo krimu ndiyo mpatanishi. Vitambaa vyeupe kabisa mbele ya krimu ya njano huifanya krimu ionekane chafu, hata ikiwa imepakwa jana. Watu hulaumu rangi, kumbe ni kitambaa.

Hatua ya saba: pima gharama na uchafu wa kila moja

Hapa rangi mbili zinaachana kabisa, na kadi haikuambii.

Krimu ina rangi nyeupe ya titani ndani yake, ambayo ndiyo inayofunika. Rangi nzito huchanganywa kutoka msingi, yaani kopo la mwanzo ambalo duka huongezea rangi, ambao hauna nyeupe hiyo au unayo kidogo sana, kwa hiyo nyingi hufunika vibaya. Krimu juu ya ukuta mweupe inatosheka na koti mbili. Kijani cha chupa mara nyingi kinataka tatu, na ukiomba undakoti ya kijivu chini yake utaokoa moja.

Chukua sebule ya futi 12 kwa 14, kuta za urefu wa futi 9. Mzunguko ni futi 52, kwa hiyo kuta ni futi za mraba 468, karibu mita za mraba 43. Toa mlango na madirisha mawili ya kawaida, zinabaki kama 38. Lita moja hufunika karibu mita 10 za mraba kwa koti moja kwenye ukuta laini. Kwenye plasta ya kukwaruza hesabu pungufu.

Krimu tupu, koti mbili: lita 7.6, yaani makopo mawili ya lita nne. Kijani tupu, koti tatu: lita 11.4, makopo matatu. Ukuta mmoja mfupi wa kijani usio na dirisha, mita 10, koti tatu: lita 3. Kuta zilizobaki, mita 28 za krimu, koti mbili: lita 5.6. Yaani kopo moja la lita nne la kijani, na kopo moja la lita nne pamoja na mawili ya lita moja ya krimu. Fundi akikuletea hesabu iliyo mbali sana na hiyo, mwombe akuonyeshe vipimo.

Plasta. Rangi nzito yenye mng'ao, ile ya silki, huonyesha kila kovu la mwiko na kila alama ya rola. Fundi mwaminifu atakuambia: "Mama, huu ukuta ukitaka kijani, lazima tupige skimu kwanza." Skimu ni lipu nyembamba ya kulainisha ukuta, naye anasema kweli. Krimu ya mati isiyong'aa husamehe mengi. Lakini mati haipendi kuoshwa, na mati ya rangi nzito ikisuguliwa inabaki na alama inayong'aa.

Uchafu. Nakuru vumbi ni jepesi, la udongo wa volkano, linakaa kwenye rangi nzito na kuonekana. Mikono ya watoto, mafuta ya nywele nyuma ya kochi, na mbu aliyepigwa akiwa ameshiba, hayo yote huonekana kwenye krimu. Upande wa mbu, lakini, ukuta mwepesi una faida: unamwona kabla hujalala. Sisi wa kandokando ya ziwa tunaijua thamani ya hilo.

Chumvi. Ukuta unaopandisha unyevu kutoka chini, jambo la kawaida kwenye ardhi za maji kama Nyalenda na uwanda wa Kano, hutoa unga mweupe na rangi kupukutika. Kwenye krimu utauvumilia. Kwenye kijani cha chupa ni kama unga uliomwagika kwenye suti. Unyevu utibiwe kwanza, na kama hauwezi kutibiwa mwaka huu, chagua rangi nyepesi upande huo.

Mpangaji aongeze swali moja: mwenye nyumba atataka ukuta urudi krimu siku ya kuhama? Kurudisha kijani cha chupa kuwa krimu kunaweza kumeza undakoti na koti mbili au tatu, na deposti ndiyo italipa.

Hatua ya nane: gawanya kuta

Ukizitaka zote mbili, kuna njia mbili ninazoziamini.

Ya kwanza ni ukuta mmoja mzito. Uwe ukuta ambao macho yanaufikia kwanza ukiingia, usio na dirisha. Ukuta wenye dirisha ukiupaka rangi nzito, mwanga wa dirisha na giza la ukuta vinapigana na macho yanachoka. Ukuta wa televisheni unafaa sana, kwa sababu skrini iliyozimwa inapotea ndani ya kijani badala ya kukaa kama shimo jeusi kwenye krimu. Ukuta wa upande mfupi wa chumba kirefu, ukipakwa nzito, huonekana umesogea karibu, na chumba kinapoteza ule ukorido.

Ya pili ni ya kwetu kabisa: nzito chini, nyepesi juu. Kila aliyesoma shule ya msingi ya serikali anaijua, rangi ya mafuta chini, ya maji juu. Na kabla ya makopo ya rangi, kina mama wa magharibi mwa Kenya walikuwa wakisiriba kuta za udongo na kuacha mkanda wa rangi nzito chini, mahali ambapo matone ya mvua huruka na kuku hupita. Akili ni ileile. Sebuleni, mstari usifike katikati ya ukuta. Ukiugawa nusu kwa nusu chumba kinaonekana kimekatwa. Theluthi moja kutoka sakafuni, karibu sentimita 90, hukaa vizuri na hulinda ukuta dhidi ya migongo ya viti. Kwa nyumba yenye watoto wadogo, mimi ningechukua hii kuliko ukuta wa televisheni.

Mstari upimwe kwa pimamaji na upigwe uzi, usipimwe kutoka sakafuni kila pembe, maana sakafu nyingi si sawa. Paka krimu kwanza mpaka chini kidogo ya mstari, iache ikauke vizuri, bandika tepu ya karatasi, kisha pitisha krimu tena juu ya ukingo wa tepu ili izibe mianya. Sasa paka kijani. Ng'oa tepu kabla kijani hakijakauka kabisa, ukiivuta taratibu kwa pembe.

Siku ya kupaka

Plasta mpya ipewe kama siku 28 kukomaa, la sivyo ukali wa sementi utakula rangi, na nzito ndiyo huonyesha mabaka. Ukuta wenye rangi ya mafuta ya zamani usiukwangue mkavu: rangi za zamani ziliweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Lowesha msasa, vaa barakoa, osha sakafu. Na usipake rangi ya maji juu ya ya mafuta bila kuikwaruza na kupiga undakoti. Itabanduka kama ganda.

Makopo yote ya rangi moja yamiminwe kwenye ndoo moja na kukorogwa pamoja, kwa sababu kopo la leo na la jana, hata kwa kodi moja, huenda yasilingane kabisa. Anza na dari, kisha krimu, mwisho kijani.

Anza mapema. Kisumu na Kakamega mvua hupenda kuja alasiri, hewa inajaa unyevu na koti ya pili inachelewa kukauka. Na aliye karibu na ziwa asipake jioni taa zikiwaka na madirisha wazi: wadudu wa ziwa hufuata taa kwa maelfu, na asubuhi utakuta kijani chako kina ndevu.

Kazi ikiisha, andika kwenye kifuniko cha kila kopo jina la rangi, kodi, msingi uliotumika, duka na tarehe, kisha piga picha ya maandishi hayo, maana vifuniko hupata kutu. Kilichobaki kimimine kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko mkali, ijae karibu na mdomo ili hewa isibaki ndani, uiweke mbali na jua. Itakusaidia siku meza ya kulia itakapokwaruza ukuta, na itakwaruza.